Jina Alilolilia Mdogo Wangu

Nilipokuwa mtoto wa miaka tisa, mdogo wangu alizaliwa nyumbani kwetu Jilore, akalia siku tatu mfululizo. Nasema siku tatu kwa sababu ndivyo mama alivyosimulia mpaka anaingia kaburini. Mimi nakumbuka kilio kimoja tu kirefu, kilichotukuta tukila, kikatukuta tukirudi mtoni na maji, na ambacho baba alikikimbia kwa kujitia ana kazi nyingi shambani. Mtoto hakuwa na homa. Muuguzi wa zahanati alimpima, akasema ni mzima, akawarudisha nyumbani. Lakini alikuwa amekataa titi. Siku ya tatu sauti ilikuwa imemkauka na utosi umeanza kubonyea.

"Huyu analilia jina," akasema Hawe.

Hawe ndivyo sisi Wagiriama tunavyomwita bibi. Huyu alikuwa mama mzazi wa baba, jina lake Dama, mwanamke mfupi mwenye ulimi mkali, na sijapata kumsikia akimwomba mtu radhi, hata alipomkanyaga. Aliposema vile hakuna aliyembishia. Hata baba alinyamaza, yeye aliyekuwa mzee wa kanisa na kila Jumapili akituonya tuachane na mambo ya koma. Koma ni wazee wetu waliotangulia. Kwetu iliaminika kwamba marehemu anayetaka kukumbukwa huingia katika kilio cha mtoto mchanga, na mtoto hanyamazi wala hanyonyi mpaka atajiwe jina la huyo marehemu. Jina la bibi aliye hai unaweza kumpa mtoto siku yoyote, kwa mapenzi yako. Wa kumliza mtoto ni aliyekufa.

Mchana ule Hawe akaketi kizingitini, miguu ameinyoosha, mtoto yuko mapajani. Mama alikaa karibu, kifua wazi, anangoja. Mimi nilipewa kata ya maji niishike. Hawe alikuwa akichovya kidole, anamlowesha mtoto midomo, anataja jina.

"Kama ndiwe Sidi, mama yake babu, nyonya."

Mtoto akalia.

"Kama ndiwe Kache, uliyefia ugenini, tumekusikia. Nyonya."

Akalia.

Akaitwa Jumwa, aliyekuwa akiogopa mbuzi. Wakaitwa akina Mbodze wawili, mmoja aliyefariki akijifungua na mwingine aliyejua kuimba mpaka watu wanasahau kurudi makwao. Kila jina lilikuja na kijambo chake kidogo. Leo natembea na daftari nikitafuta vijambo vya namna hiyo, na wenye kuvijua wamekwisha. Siku hiyo vyote vilipita mbele yangu bure, nami nilikuwa nashughulika kuzuia maji yasimwagike. Hilo linaniuma mpaka leo.

Majina yakaisha. Kilio kikaendelea. Ndipo mama, ambaye hakuwahi kumwinulia mkwewe sauti, akasema, "Mama, liko moja hujalitaja."

"Nimetaja yote."

"Mama. Mwanangu anakufa."

Hawe akaitazama njia inayotoka barabarani. Akaitazama kwa muda mrefu, hata nikageuka kuangalia nani anakuja. Hakuwepo mtu. Kisha akachovya kidole kwenye kata.

"Kama ndiwe Nyevu," akasema, na hakuweza kumaliza.

Mtoto akanyamaza. Akashikwa na kwikwi, akageuza shingo, akatafuta titi. Mama akamnyakua, na sote tukasikia anavyofyonza. Nilidhani sasa tutapiga vigelegele. Badala yake Hawe akainuka, akaingia ndani, akatoa yowe la matanga. Majirani walikuja mbio wakiuliza ni nani aliyefariki.

Nyevu alikuwa binti yake wa mwisho, dada yake baba. Mimi namkumbuka kwa mikono tu: alikuwa akinisuka nywele, na alikuwa akizivuta. Miaka minne kabla ya hapo aliposwa na mzee asiyemtaka. Akakataa. Hawe, kwa ule ulimi wake, akamwambia mbele ya watu, "Ukiuvuka Sabaki, usirudi." Asubuhi yake Nyevu akauvuka mto.

Tangu siku hiyo leso yake ilikaa imekunjwa juu ya uchaga, pale juu ya meko, ikila moshi, na ole wako uiguse. Kila gari liliposimama barabarani Hawe alisimama, akajifanya anafukuza kuku. Kuku wetu walifukuzwa sana miaka hiyo bila kosa. Hakulitaja jina la Nyevu hata mara moja, nasi tukadhani ni hasira. Nilikuwa mtu mzima nilipoelewa. Kumwita miongoni mwa marehemu kungekuwa kukubali kwamba amekufa, na yeye bado alikuwa anamngoja. Siku tatu alimsikiliza mjukuu wake akikauka sauti, na siku zote tatu alikuwa anamkatalia kifo binti yake. Mtoto aliponyamaza, Hawe alipata jibu la miaka minne.

Baada ya wiki moja wakamchimbia koma yake. Koma hiyo ni kijiti kilichochongwa, urefu wake kama mkono kutoka kiwiko, kikavishwa vitambaa na kusimikwa karibu na cha babu. Hawe akamwaga pombe ya mnazi kidogo chini. Baba alisimama mbali akikagua ua ambao haukuwa na kasoro. Kisha Hawe akaishusha leso kutoka uchagani, akamfunika mtoto nayo, akasema na kile kijiti.

"Nyevu mwanangu, umerudi kwa njia ya mtoto. Tumekupokea. Usije tena kwa miguu yako, usije ukamtaka mwenzio."

Akatugeukia sisi watoto, akatueleza ili tusisahau: aliyekwisha kusimikiwa koma na jina lake akapewa mtoto, akionekana anaingia mjini mwenu kwa miguu yake, amekuja kumchukua huyo mtoto. Mji kwetu ni boma la nyumbani, na lango lake lilikuwa hatua thelathini kutoka hapo tulipokuwa tumesimama.

Niliogopa vibaya sana. Miezi mingi nilikaa nikiichunga ile njia aliyokuwa akiichunga Hawe. Yeye alikuwa akiomba Nyevu aje, mimi nikawa naomba asije. Hawe mwenyewe aliacha. Magari yalisimama, yakaondoka, naye akaendelea kupura mahindi yake.

Wote waliokuwa mlangoni siku ile wamekwisha kufariki, isipokuwa mimi na aliyekuwa akilia. Nyevu wetu sasa ni mama wa watoto wawili, anashona nguo Malindi mjini, na sauti anayo bado. Mwaka uliopita alikuja kwangu, akaketi, akasema, "Dada, wewe ndiwe mwalimu. Hebu niambie, somo wangu alikuwa nani hasa? Nimebeba jina la mtu ambaye sijui amezikwa wapi."

Nikanunua karatasi ya manila na daftari nene, nikaanza kuandika ukoo wetu. Nilijifunza upesi kwamba mahali pa kukusanya ukoo ni matangani. Hapo wazee wanakaa siku nzima bila kazi, na wanagombana kuhusu nani alizaliwa na nani. Watu wakanizoea. Nikiingia tu na daftari langu, mjomba mmoja husema, "Haya, karani wa marehemu amefika, jiandikisheni mapema." Karatasi ikajaa. Chini ya kila jina niliandika mahali mtu alipozikwa. Chini ya Nyevu palibaki peupe, na kila nilipoikunjua ile karatasi jicho lilikwenda hapo kwanza.

Mwezi wa nane tulimzika mkwe wetu huko Junju. Adhuhuri nilikuwa nimekaa mkekani na ajuza mmoja wa upande wa marehemu, nikimsomea majina ya wanawake wa kwetu ili anirekebishe. Nilipotaja Dama wa Jilore, mwanamke mmoja aliyekuwa akigawa chai, kajitanda mtandio wa kijani, akasimama na birika mkononi.

"Dama gani huyo, dada? Wa Jilore kwa nani?"

"Bibi yangu, mama yake baba. Kwani unamjua?"

"Mimi mwenyewe ni Dama," akasema. "Cheti chasema Mwanajuma, lakini marehemu mama hakuniita hivyo hata siku moja. Akisema ameniita jina la mamake, yuko Jilore."

Nikamuuliza mama yake aliitwa nani. Nilikwisha kujua, lakini nikamuuliza.

"Alipoolewa na baba alisilimu, akaitwa Mariamu. Zamani alikuwa Nyevu."

Ajuza akaniambia kalamu imeanguka.

Shangazi yangu alikuwa amefariki miaka miwili tu nyuma. Miaka yote ile ambayo kijiti chake kilikuwa kinaliwa na mchwa pale Jilore, yeye alikuwa Junju, analima, anauza mboga, analea watoto watano. Tuliingia chumbani mimi na Dama tukaketi kitandani, nami nikamuuliza lile nililoona haya kuliuliza: mbona hakurudi?

"Alirudi," akasema Dama. "Mimi nilikuwa nabebwa. Akisimulia kwamba alifunga mzigo, kamnunulia mamake leso mpya, tukafika hata Malindi, stendi. Hapo akamkuta mama mmoja wa Jilore auza mihogo. Mama kajifunika buibui, kwa hivyo yule hakumtambua. Akamuuliza habari za huko, Dama hajambo? Akajibiwa hajambo, na kajukuu kake Nyevu sasa katembea. Kamerithi jina la shangaziye aliyekufa, kalililia siku tatu."

"Akasema nini?"

"Alilipa muhogo, tukapanda gari la kurudi Junju. Baba alimbembeleza sana aende, akakataa katakata. Akisema, kwetu mimi nimekwisha kuzikwa, na nikiingia pale kwa miguu yangu yule mtoto atakufa. Wacha akae na jina."

Nililia pale kitandani kuliko nilivyomlilia marehemu aliyetuleta Junju. Nilimlilia shangazi na mzigo wake stendi, na Hawe aliyeacha kusimama magari yalipofika. Na nilijililia mimi, mtoto wa miaka tisa aliyekuwa akiomba asije, na akasikilizwa.

Nilikaa siku nne kabla ya kumwambia mdogo wangu. Alikuwa akishona gauni la harusi ya mtu. Alinisikiliza mpaka mwisho bila kuinua mguu kwenye cherehani, akakosea mshono wote.

"Kwa hiyo alikaa mbali kwa ajili yangu," akasema.

"Kwa ajili ya ulimi wa Hawe pia. Na wetu sote."

"La, dada. Kwa ajili yangu."

Jumamosi yake tulikwenda Junju pamoja. Kaburi liko nyuma ya nyumba, ni la kawaida tu, limeoteshwa maua kichwani. Nyevu alikuwa amebeba ile leso, ambayo mama alimtunzia. Imechakaa, na maandishi yake hayasomeki tena. Akasimama kaburini, mwanamke mzima wa miaka karibu arobaini, akasema, "Shikamoo, somo. Nimekuja kwa miguu yangu." Kisha akamkabidhi Dama leso. Dama akaiweka usoni akitafuta harufu ya mama yake. "Yanuka sabuni tu," akasema, wakacheka wote wawili, wakaangukiana mabegani wakilia. Nilikaa kando na daftari langu, nikaona sina la kuandika.

Sasa pale peupe pamejaa. Nimeandika: amezikwa Junju. Chini yake nimechora watoto watano, na wa kwanza ni Dama, jina la bibi yake aliyekuwa hai wakati huo, alilopewa kwa mapenzi. Mara nyingi huwa naitazama hiyo sehemu ya karatasi. Mama mmoja kampa mjukuu jina la binti yake, na huku binti naye kampa mwanawe jina la mama yake. Safari ya kutoka mmoja hadi mwingine ni ya asubuhi moja tu.

Watu huniuliza kama naamini mambo ya koma. Baba angetaka niseme hapana. Pengine mtoto alikuwa amechoka tu, au kile kidole chenye maji kilimfungua koo. Lakini mimi nilikuwepo, nimeshika kata, na najua alinyamaza kwenye jina lipi. Sidhani tena kwamba kilio kile kilikuwa cha marehemu. Nadhani palikuwa na msichana Junju aliyekuwa akiwakumbuka kwao kiasi hicho.

Ningeweza kuketi tena na Hawe kizingitini, ningemwambia neno moja tu. Ningemwambia: mtoto alinyamaza kwa sababu hatimaye ulimwita. Ungengoja kidogo barabarani, Hawe. Alikuwa anakuja.