Mvuke wa Maji ya Bahari

Mwalimu wetu mpya pale Msambweni alipotuambia tukae wanne wanne, tufundishane sayansi wenyewe, nilijua moja kwa moja kwamba ni mvivu. Uhuru tulikuwa tumeupata juzi tu, bendera ya shule haijapauka, naye keshaanza kula mshahara wa bure. Kila mwanafunzi alipewa kipande chake cha somo akakisome, kisha awafundishe wenzake. Mwalimu hakirudii tena.

Lililonitia wasiwasi ni hili: shule yetu ilizoea kupeleka mtu mmoja tu sekondari, na katika kundi langu alikuwamo binti wa mvuvi wa Gazi aliyenikaba koo kila mtihani. Kipande chake kilikuwa mvuke, changu mbegu. Sasa mshindani wangu ndiye mwalimu wangu!

Akasema maji ya bahari yakichemka, mvuke wake hauna chumvi. Nikamkazia macho, wala hakupepesa. Hivi mtoto wa pwani anadanganywa hivyo? Upepo wa bahari ukivuma, midomo inakolea chumvi na mabati yanaliwa na kutu. Wenzetu wawili wakaandika. Mimi nikakunja mikono.

Jioni nikateka maji ya bahari, nikayabandika jikoni.

"Maji ya pwani wayachemshia nini, mwanangu?" mama akauliza. "Wataka kunitobolea sufuria?"

"Kazi ya shule, mama."

Nikafunua kifuniko, nikalamba matone ya mvuke yaliyoshika ndani yake. Nikasukutua, nikalamba tena. Yalikuwa matamu kama maji ya mvua. Nilikasirika kuliko kama ningemkamata na uongo.

Juma lililofuata nikamuuliza chumvi ya upepo yatoka wapi basi.

"Ule si mvuke," akasema. "Mawimbi yakipasuka, upepo wachukua rasharasha zake. Nawe ulisema mbegu huota hata gizani. Nimepanda kunde ndani ya kopo, nikalifungia sandukuni. Zimeota."

"Kwani hukuniamini?"

"Wewe uliniamini?"

Tukaendelea hivyo mwaka mzima, kila mmoja akifundishwa mchana na kuhakikisha jioni.

Matokeo yalipokuja, nafasi ilikuwa moja, na ilikuwa yake. Nikaketi nyuma ya darasa, nikapitia kichwani kila alichowahi kunifundisha, nikitafuta mahali aliponidanganya. Sikupata hata mahali pamoja. Hapo ndipo nilipolia.