Mkalimani wa Kliniki ya Jumatano

Nilipohamishiwa zahanati moja nje ya Migwani, nilikuwa muuguzi pekee hapo. Kwetu ni Salama, upande wa Makueni, na huku sikuwa na mtu. Juu ya paa kulikuwa na antena, na kila Jumatano daktari wa moyo alitokea kwenye skrini akiwa mjini. Mimi nilimwekea mgonjwa kifaa kifuani, naye akasikiliza huko aliko.

Siku moja aliingia bibi mmoja mzee, miguu imevimba, amepumzika mara tatu njiani. Nilimwita susu, kama sisi Wakamba tunavyowaita nyanya zetu. Kiswahili hakukijua, na daktari hakujua Kikamba, kwa hivyo nikawa mkalimani wao.

Daktari alisikiliza kwa muda mrefu. Akasema moyo umechoka, na kwamba dawa peke yake haitoshi. Lazima awepo mtu wa kumwangalia. Halafu akauliza anaishi na nani.

Nilimuuliza susu. Alitazama mikono yake, akajibu kwa sauti ya chini. Nami, kama nilivyozoea, niliyarudia maneno yake vile vile alivyoyasema.

"Naishi peke yangu," nilimwambia daktari. "Nikiugua, hakuna atakayejua."

Sikuwa nimewahi kutamka hayo kwa kinywa changu. Maneno ya mwisho niliyatamka chini chini. Daktari alidhani ni mtandao, akaniomba nirudie. Nikarudia.

Daktari alitaka alazwe hospitalini, lakini susu alikataa. Basi kila jioni, nikishafunga zahanati, nilipita kwake kumpima presha. Kupima kulichukua dakika mbili. Nilikaa saa nzima. Alinipikia chai, akanisimulia habari za watoto wake, nami nikamweleza juu ya wazazi wangu tuliowazika Salama. Uvimbe ulianza kupungua.

Miezi michache baadaye, binti yake mwenye hoteli ndogo Mtito Andei alikuja kumchukua. Ni mimi mwenyewe niliyempigia simu, maana ndivyo daktari alivyotaka, na ndivyo ilivyofaa.

Susu alinishika mkono. "Sasa wewe utaongea na nani?"

Nilimwambia wagonjwa ni wengi.

Jumatano iliyofuata mvua ilinyesha, hakuna aliyekuja. Daktari alitokea, picha safi kabisa, akauliza kama kuna mgonjwa. Nikasema hayupo. Akanitakia kazi njema, akakata. Nilikaa pale pale mpaka saa ya kufunga.