Mtafuta Wafiwa

Jirani yangu hapa Nachingwea hujitolea kutafuta ndugu wa maiti waliokosa wenyewe kule hospitali. Asubuhi hutoka na baiskeli, kipande cha nguo ya marehemu kimekunjwa ndani ya mfuko safi, akafika Naipingo, siku nyingine mpaka Nandagala huko Ruangwa. Akikaribia nyumba za watu hushuka na kuikokota. Anasema habari kama hiyo haiingii kijijini kwa mbio. Kina mama wakimwona huacha kubangua korosho na kumuuliza hata kabla ya salamu, "Wa kwetu?" Naye hujibu, "Sijui, mama. Itazameni kwanza nguo. Ijumaa anazikwa." Wakisema si wao, hushukuru taratibu, na hakuna anayemwambia akae.

Miaka sita tunapakana ukuta, hata chumvi hajawahi kuniomba, wala kwake sijaona mgeni. Juzi mvua ilinyesha hayupo, nikamwanulia nguo zake. Ndani ya kola ya kila shati alikuwa ameshona, kwa uzi mweusi, jina lake na namba ya simu. Nilidhani ni ya ndugu yake. Nikaisoma tena. Ilikuwa yangu.