Karatasi ya Kichwa cha Nyati

Baba alipofariki, kikao cha ukoo kilikaa kwake Kikwe, na kwa desturi yetu nyumba na vilivyomo vikaenda kwa kitinda mimba, mdogo wangu wa kiume. Mimi niliyemwogesha mzee na kumlisha uji miezi saba nilipewa mfuko wa rambo wenye makaratasi yake. "Wewe si ndiye msomi," alisema baba mdogo, na wanaume wakacheka. Nikacheka nao. Mpaka leo nikikumbuka roho inaniuma.

Juu ya kabati la vyombo katika nyumba ile kulikuwa na kichwa cha nyati kilichokaushwa. Baba aliwahi kuwa dereva wa wawindaji, na mgeni mmoja alimwachia. Nondo walikuwa wamekula masikio, jicho moja la kioo limelegea. Mama alikifuta vumbi kila Jumamosi pamoja na redio.

Nyumbani kwangu Engutoto niliukagua mfuko. Stakabadhi za ada, kadi za kliniki, na hati ya umiliki wa nyara yenye jina la baba na mhuri wa idara ya wanyamapori. Nimekuwa karani kwa wakala wa utalii, nilijua maana yake. Bila hati ile, kichwa ni nyara ya serikali na anayekutwa nacho ana kesi. Hata ukiwa nayo, mrithi lazima aripoti abadilishiwe jina, na kuuza kunahitaji kibali. Nikaikunja nikaiweka chini ya godoro.

Miezi mitatu baada ya msiba, mdogo wangu aliweka picha ya kichwa kwenye status: "Kinauzwa. Aliye serious anipigie." Ningeweza kumpigia kumwonya. Nilimwandikia, "Hongera, utapata mteja mzuri." Niliandika huku nikitabasamu, sitajisafisha.

Wateja walikuja wawili. Walipima pembe, wakakubaliana naye bei, kisha wakatoa vitambulisho vya idara ya wanyamapori.

Mama alinipigia akihema. "Mwanangu, wamemfunga pingu mbele ya majirani. Wanataka karatasi ya baba yenu. Unayo?"

"Ngoja niangalie, mama."

Nilikuwa nimeikalia. Nilitaka mrithi wa nyumba alale sakafuni mahabusu siku chache, aonje. Kila asubuhi mama alipiga, na kila asubuhi nilimwambia bado natafuta. Siku ya nne nilimfokea kwamba makaratasi ya mumewe yamechanganyika kama takataka, akaniomba msamaha.

Siku ya sita nilikwenda ofisi ya wanyamapori, nimevaa vizuri. Mama alikuwa kwenye benchi nje ya ofisi na chupa ya uji waliyomkatalia kuiingiza.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Umeipata! Mungu ni mwema." Alinishika mkono, hakuuachia mpaka tukaingia.

Afisa aliisoma hati pande zote mbili. "Ni halali," alisema. "Ila jalada lilishatoka hapa, liko kwa mwanasheria wa serikali. Sasa ni mahakama. Ingefika mapema huenda tungeyamalizia hapahapa. Ilikuwa wapi?"

"Kwangu," nilisema. Sijui kwa nini sikudanganya. Labda nilitaka mtu ajue.

Afisa alinitazama kidogo. "Basi wewe ndiye dada. Siku mbili nzima tulilizuia jalada kwa sababu ya mdogo wako. Alituambia karatasi zote za mzee ziko kwa dada yake, na dada yake akiambiwa tu atakuja mbio."

Mama aliuachia mkono wangu.

"Na mimi aliniambia hivyo," alisema, akimwambia afisa, si mimi. "Ndiyo maana sikutafuta wakili."