Mlango wa Araba Ulisema Goti

Kila asubuhi, kabla mtu hajanywa uji, swali ni lile lile pwani nzima ya Ntwakrom: "Mlango unasemaje?" Mlango wenyewe ni wa nyumba iliyobomoka zamani. Umepakwa rangi nyeusi, umeegeshwa kwenye banda wanakotunza mbao za kuteleza mawimbini, na anayeuandika kwa chaki ni Araba Ketsiwa. Haandiki mita wala futi, maana ukiwa ndani ya maji mita utaipimia wapi? Anaandika wimbi linapofika kwenye mwili wa mtu: kifundo, goti, kiuno, kifua, kichwa. Chini yake anaweka namba moja, sekunde zinazopita kati ya wimbi na wimbi. Halafu upepo. Basi. Siku akiandika kichwa, wazazi wanawafungia watoto ndani.

Kazi hiyo hakupewa na mtu. Araba alikuwa mnunuzi wa samaki, na mnunuzi asiyejua kama mitumbwi itavuka mawimbi ikirudi hununua kuni za kuchomea samaki ambao hawaji. Kwa hiyo alikuwa akikaa juu ya beseni alfajiri kuitazama mitumbwi ikitoka. Vijana wanaushika mtumbwi, maji kiunoni, nahodha amesimama mbele, wanangoja. Wimbi, wanangoja. Wimbi, wanangoja. Halafu "Haya!" na wote wanasukuma. Araba alihesabu kule kungoja. Nahodha anaweza kumdanganya mkewe, anaweza kumdanganya padri, lakini pale mbele ya mtumbwi hamdanganyi mtu. Ukihesabu sekunde zake umeipata bahari yote ya siku hiyo. Miaka ishirini alihesabu hivyo, na vijana walipoanza kuteleza mawimbini wakaona mama huyu hakosei, wakamletea mlango na chaki.

Simu anayo, na simu ina ramani za mawimbi. Lakini anasema simu inajua bahari kuu tu, haijui fungu la mchanga la hapa kwetu limehamia wapi tangu Jumapili. Anaichungulia kwa ajili ya kimo cha wimbi, basi. Sekunde anazipata kwa mitumbwi.

Sasa sikia kosa lilipoingilia. Jumanne hakuna mtumbwi unaoshuka majini. Bahari inapumzika, hiyo ndiyo sheria tangu babu wa babu zetu, na atakayeivunja atalipa kondoo kwa mkuu wa wavuvi na kuaibika mwaka mzima. Injini zinafunguliwa kutoka mitumbwini jioni ya Jumatatu na kufungiwa nyumbani kwa mkuu. Mbao wameziruhusu, kwa sababu ubao hauvui samaki, na Jumanne ndiyo siku ya watoto maana hakuna mtumbwi wa kuwagonga. Lakini bila mitumbwi Araba anahesabu nini? Hebu jiulize. Hakuna aliyewahi kujiuliza, naye hakujiuliza. Jumanne alikuwa akichukua sekunde za Jumatatu na kuziandika tena, miaka yote hiyo, na miaka yote hiyo bahari ikamvumilia.

Jumanne hiyo maji yalikuwa yamejaa, upepo hakuna, bahari imelala kabisa. Simu ikasema mita moja haifiki. Araba akaandika: Goti. Tisa. Upepo sifuri. Akapangusa mikono akaenda kukaanga samaki.

Binti yake Baaba, miaka kumi na tisa, mwalimu wa watoto wa mbao, aliusoma mlango akacheka kwa furaha. "Goti! Mama, leo nawapeleka nyuma ya fungu."

"Wote?"

"Wote sita. Wamechoka kuchezea povu la huku ndani. Wakakae kule wajifunze kuitazama bahari."

"Haya. Mwangalie Mansa, yule mwoga."

Mansa alikuwa na miaka tisa, mjukuu wa Egya Nkum, nahodha mwenye mdomo kuliko wote Ntwakrom. Wakaingia, wote saba, wakapiga mikono juu ya mbao zao hadi ng'ambo ya fungu bila kulowa nywele.

Maji yalikuwa yameanza kupwa Araba aliposikia mshindo. Haukuwa mkubwa. Aliusikia miguuni kwanza, kisha mafuta yakatikisika kwenye karai. Akainua uso. Maji yalikuwa yamepanda mchanga mkavu mpaka kwenye magogo ya kuviringishia mitumbwi, mahali ambapo hayafiki ila siku za kichwa, nayo yalikuwa yakirudi kwa kuvuta, kokoto zinalia.

Akaanza kuhesabu bila hata kuamua. Moja, mbili, tatu. Tisa ikafika, hakuna wimbi. Kumi na mbili. Kumi na tano. Kumi na nane, na juu ya fungu likapasuka wimbi refu kuliko mlango wa banda.

"Mungu wangu," alisema. "Mungu wangu, nimewaua."

Mawimbi ya sekunde kumi na nane hayatoki hapa. Yamezaliwa na tufani kusini kabisa, siku nne au tano nyuma, yakasafiri chini kwa chini bila upepo. Kwenye kina ni kilima tu kinapita, kinakuinua kinakushusha. Yakikanyaga mchanga ndipo yanaposimama. Na yanakuja kwa msafara: mawimbi kadhaa kwa mpigo, halafu kimya kirefu ambamo mjinga angeweza kuoga na mtoto mchanga. Fungu lilikuwa katikati ya watoto na pwani, na kadiri maji yalivyopwa ndivyo lilivyozidi kuwa baya.

Alikimbia hadi ukingoni, kijiko cha kukaangia mkononi. Vichwa saba, akavihesabu. Wamekaa juu ya mbao zao nyuma ya fungu, mmoja anampungia mkono. Na bahari imetulia tena, kimya kabisa.

Egya Nkum alikuwa kwenye kivuli cha mtumbwi wake akishona nyavu na wenzake. "Araba! Mlango wako unasema goti. Goti la nani, la tembo?" Wenzake wakaangua kicheko.

"Egya, nimekosea."

"Unasema?"

"Sikuhesabu. Ni kumi na nane. Watoto wako nje ya fungu. Mansa yuko kule."

Mzee alisimama na nyavu zikamwanguka. Kumi na nane alijua maana yake, hakuhitaji kuelezwa. Akageukia bahari, akaona maji yametulia, akafanya ambalo babu yeyote angefanya. Akainua mikono miwili na kupiga ukelele: "Mansa! Rudini! Njooni haraka!"

Araba akamrukia mkono. Mwanamke mwenye heshima zake akamrukia nahodha mkono na kuushusha kwa nguvu. "Usiwaite! Watakuja wakutwe juu ya fungu! Kule nje wako salama!"

"Salama? Wewe uliyeandika goti ndiye wa kuniambia salama?"

Araba alifungua kitenge chake cha juu, akakishika kwa mikono miwili, akakinyoosha juu ya kichwa. Kila mwanamke wa samaki anaijua ishara hiyo, ndiyo wanayowapa waume zao mitumbwi ikirudi: kitenge juu, ngojeni nje. Kikianguka, piteni sasa. Baaba aliijua tangu akiwa mgongoni. Kule mbali yule msichana akainua mkono mmoja. Ameona.

Watu wakaanza kujaa. Mmoja akasema mtumbwi ushushwe, Jumanne au siyo Jumanne, yeye atalipa huyo kondoo. Mwingine akauliza injini zitatoka wapi, ufunguo ni wa mkuu na mkuu amekwenda mazishini. Araba akasema bila kugeuka, "Mtumbwi hauvuki fungu hilo leo. Mtawaongezea maiti tu." Akajisikia alivyolitamka neno hilo.

Msafara wa pili ulifika. Safari hii alihesabu kila kitu. Aliona watoto wakiinuka na kuzama nyuma ya mgongo wa maji, akavihesabu vichwa kila vilipotokea. Mawimbi saba. Mchanga ukatetemeka saba. Halafu kimya.

"Sasa!" watu walipiga kelele. "Angusha kitenge, Araba! Bahari imetulia, angusha!"

Hakuangusha. Kimya hicho kina urefu gani? Alikuwa hajui. Watoto wale walihitaji dakika tano kuvuka, na dakika tano ni nyingi mno za kubahatisha. Ilikuwa lazima apime kimya kimoja kizima kwanza, maji yakizidi kupwa, watoto wakizidi kuchoka. Akatazama saa ya simu iliyoning'inia kifuani. Dakika ya pili. Ya nne. Bahari ilikuwa shwari hata ungeweka sahani juu yake, naye akasimama na kitenge juu kama kichaa, mabega yakimuuma, watu wakimtukana. "Huyu amerukwa na akili!" Mwanamke mmoja alimvuta gauni. Egya Nkum alikuwa akilia waziwazi. Dakika ya sita. Vipi kama hakuna msafara mwingine? Vipi kama huu ndio ulikuwa mlango pekee, naye ameufunga kwa mikono yake? Asubuhi hiyo hiyo alikuwa na uhakika wa goti. Uhakika wake una thamani gani sasa? Dakika ya tisa. "Dada, nakuomba," alisema Egya Nkum, na hakuwahi kumwita dada maishani. Dakika ya kumi na moja, maji yakaanza kuvuta.

Msafara wa tatu ulikuwa mkubwa kuliko wa pili. Moja. Mbili. Tatu. La nne lilivunjika juu ya fungu tupu, mchanga ukaonekana chini yake. Tano. Sita. Watu wakaanza kumwangalia. Akangoja. Akahesabu kumi na nane kwa sauti, na la saba likaja, likapasuka, naye akakitupa kitenge mchangani.

"Pigeni mikono! Baaba! Pigeni!"

Wakaja. Mbao tano ndogo zikatangulia kwa mstari, mikono inakwenda, watoto hao hawajawahi kupiga mikono hivyo. Dakika tatu wakawa juu ya fungu. Dakika ya nne wa kwanza akasimama majini, akashikwa na mikono kumi, akabebwa. Wa pili. Watatu kwa pamoja. Mama zao walikuwa wakiwapiga na kuwabusu.

Mansa hakuja. Alikuwa amekaa pale pale nyuma ya fungu, ameukumbatia ubao kwa mikono miwili, amekataa. Na Baaba aliyekuwa nyuma ya wenzake alikuwa amegeuza.

"Kaa huko!" Araba alipiga kelele. "Kaa naye huko, ngojeni mwingine!" Akakitafuta kitenge, akakiinua kimelowa mchanga, akakinyoosha. Lakini Baaba alikuwa amempa mgongo. Alimfikia mtoto, akalala nyuma yake kwenye ubao ule ule, akausukumia mbali wa kwake, akaanza kupiga mikono kwa wote wawili. Dakika ya sita. Bado wana nafasi, Araba alijiambia, ni kumi na moja, ni kumi na moja. Dakika ya saba wakafika kwenye fungu. Dakika ya nane maji yakavuta.

Haikuwa kumi na moja.

Araba alisikia sauti na baadaye akaambiwa ilikuwa yake. Wimbi lilisimama nyuma yao, mgongo wake ukawa mweusi. Baaba aligeuka akaliona. Akaacha kupiga mikono, akajilaza juu ya mtoto, akashika kingo za ubao mbele ya kichwa cha Mansa. Kisha povu tupu. Fungu lote likawa jeupe, na ndani ya weupe huo hakuna kichwa, hakuna ubao, hakuna kitu. Araba akahesabu. Hakuwa na kingine cha kufanya. Nne. Tano. Tisa. Kumi na moja. Egya Nkum alikuwa ameshaingia, maji kifuani, anaanguka anainuka. Kumi na nne, na ubao ukachomoka kwenye povu kwa kasi, pua juu, na juu yake kitu kimoja kilichofungamana, mikono na miguu huwezi kujua ya nani.

Mzee aliwadaka kabla la pili halijafika. Likawapiga wote watatu na kuwatupa mchangani, na watu wakawavuta kwa nywele, kwa nguo, kwa chochote.

Mansa alitapika maji akamwita babu yake. Baaba alikaa, goti limechunika, damu puani, anatetemeka meno yanagongana. Araba alipiga magoti mbele yake akamshika uso, mabega, kila mahali, akihakikisha.

"Nisamehe, mwanangu. Sikuhesabu. Nisamehe."

"Mama." Baaba alikohoa, akatema mate. "Mimi nilihesabu. Tulipofika tu kule nyuma. Nikapata kumi na nane. Nikarudia, nikapata kumi na nane."

"Ukajua maana yake?"

"Nikajua. Fungu lilikuwa bado linapitika, tungerudi vizuri tu." Alimtazama mama yake, na machozi yakaanza kumtoka. "Nikajiambia nimehesabu vibaya. Mama ameandika tisa."