Haro ya Mahari

Kasmir hakujaliwa makalio ya kukalia kiti. Ndivyo wanavyomtania pale Sumbawanga, na wanaomjua ni wengi, maana wakulima wa trekta kuanzia Kate hadi Muze wamewahi kufika kwenye uwanja wake wa zana zilizotumika kutafuta jembe la bei nafuu. Chai anakunywa akitembea. Hata kanisani, mahubiri yakirefuka, Kasmir yuko nje anakagua trela la mtu.

Kazi yake ni kupanga bei. Ukimletea haro, ile zana ya sahani nyingi inayosaga mabonge baada ya jembe kupita, ataizunguka, atapima sahani kwa shubiri ajue zimelika kiasi gani, atazizungusha kwa mguu asikilize beringi, kisha atasikitika. Atasikitika kweli, utadhani umemletea msiba. "Hii? Hii ni chuma chakavu, ndugu yangu." Utaondoka na kidogo ulichopewa. Ukipita wiki inayofuata utaikuta zana yako imepakwa rangi, na Kasmir huyohuyo anaisifia mpaka mate yanamkauka. Si mwizi. Ni mfanyabiashara, na wateja wake wanaujua mchezo.

Sasa mtu wa namna hiyo, Jumamosi moja mvua zikikaribia, alitakiwa akae kimya. Familia ya mzee Shigela, Wasukuma waliohamia Muze zamani, ilikuwa inapanda kutoka bondeni kumtolea mahari Luciana, binti wa pekee wa Kasmir. Katika ukoo wa Kasmir baba wa binti hasemi siku hiyo. Msemaji alikuwa kaka yake mkubwa, Zenon.

Tangu asubuhi Kasmir alifagia uwanja uliokwisha kufagiliwa, akahamisha viti, akavirudisha. Alipoulizwa ana nini, alisingizia upepo. Ukweli ni kwamba aliogopa. Mama yake Luciana alifariki mtoto akiwa mdogo, na tangu hapo binti ndiye aliyemshikia spana, ndiye aliyepaka zana rangi, na ndiye mtu pekee aliyeweza kumwambia "Kaa, Baba," naye akakaa. Nyumba isiyo na sauti hiyo hakutaka hata kuifikiria.

Wageni walifika na lori. Walishuka ng'ombe sita, na nyuma yao ikashushwa haro ya kijani inayong'aa. Mshenga wao, Obed, akasimama.

"Wazee wangu, tulikubaliana ng'ombe kumi. Lakini mifugo mingi tuliiuza tukanunua trekta. Kwa hiyo sita hawa hapa, na wanne waliobaki tumewaleta kwa njia ya haro hii."

Zenon, ambaye maisha yake yote amelima kwa jembe la mkono, alimgeukia mdogo wake amsaidie. Hakumkuta kitini. Kasmir alikuwa kwenye haro tayari, anapima kwa shubiri.

"Hii?" alisema, na uso ukaingia msibani. "Sahani zimelika. Sikia beringi inavyolia! Hii haifiki ng'ombe wanne. Wawili, tena kwa kuoneana haya."

Shigela alitazama kofia yake. Kijana wake Maganga, bwana harusi mwenyewe, alimgeukia Obed.

"Kama ni hivyo, wazee," Obed alisema taratibu, "wawili wa kuongeza kwa sasa hatuna. Itabidi tusubiri mpaka baada ya mavuno, na harusi isogee."

Isogee! Kasmir alisikia moyo ukimtulia kwa mara ya kwanza siku hiyo. Akainama, akajipenyeza chini ya haro kutafuta ubovu zaidi.

Alichokikuta huko hakukitarajia. Ndani ya fremu, mahali ambapo hakuna anayetazama, kulikuwa na matone matatu ya kuchomelea yaliyopangwa mstari mmoja. Ilikuwa alama yake. Kila zana inayotoka mikononi mwake anaitia matone hayo, ili ikirudi aijue.

"Tuliinunua kwa mtu wa Milepa," Obed alikuwa anaeleza huko juu. "Tulipoomba atupunguzie, alisema imetoka kwa Kasmir, na mali ya Kasmir haipunguzwi."

Watu wakacheka. Kasmir hakutoka. Ndipo alipoiona miguu ya Luciana imesimama kando ya gurudumu, na beseni la maji ya kunawa likiwekwa chini.

Luciana alichuchumaa. "Baba," alinong'ona, "hii tuliipaka rangi nyekundu mimi na wewe, bado inachungulia chini ya hiki kijani. Ulisema ni nzuri kuliko mpya."

"Naikagua tu, mwanangu."

"Ulishaikagua zamani. Kama hutaki niende, niambie mimi. Usiisingizie haro."

Hakutaka aende, na angeweza kulisema hilo palepale, kwenye vumbi, lakini macho ya binti yake yalikuwa yanamwomba kitu kingine. Akatoka, akanawa mikono polepole.

"Ng'ombe wanne," alisema.

"Sasa hivi umesema wawili!" Zenon aling'aka.

"Nilikuwa nimeiangalia kwa juu."

Harusi ilifungwa kabla ya Majilio, na Luciana akashuka Muze.

Januari, mvua zimechanganya, mkulima mmoja alikuja mbio kutoka Kate. Haro yake ilikuwa imevunjika na shamba linamsubiri. Alipita zana zote, akasimama mbele ya ile ya kijani.

"Mzee, hii kiasi gani?"

Kasmir alisikitika. "Hii? Hii ni chuma chakavu, ndugu yangu. Sahani zimelika, na beringi zinalia."

Mkulima alizizungusha sahani, akasikiliza. "Mbona hazilii? Taja bei tu, mzee, nitalipa."

"Utakuja kunilaumu. Chukua ile nyekundu kule, tena nitakupunguzia."

Yule mtu alishangaa, lakini akaichukua nyekundu, akaondoka. Manyunyu yakaanza. Kasmir aliizunguka ile haro ya kijani mara moja, akaifuta tope kwa kiganja. Kisha akakaa juu ya fremu yake, na akakaa hapo muda mrefu.