Tuda na kondoo aliyechinjwa ili mjamzito ateremke bondeni

Jua halijafika kwenye paa za kijiji cha Tizgi, na Tuda Ubassu amekwisha kugombana na watu wawili. Wa kwanza ni jirani aliyefunga nyumbu wake katikati ya njia ya bombani. Wa pili ni mama mmoja anayempa mtoto wake mwenye kuhara chai ya mnanaa, ilhali pakiti ya chumvi ya kuchanganya na maji imelala rafuni tangu juzi.

"Hiyo pakiti umeiweka iwe pambo?" anamwuliza.

Mama yule anacheka kwa haya, anachemsha maji. Tuda haondoki. Anasimama palepale, mikono kiunoni, mpaka mtoto anywe kikombe kizima. Ndipo anapotupa mkoba begani na kuendelea kupanda.

"Wananiita mama hasira," anasema bila kugeuka nyuma. "Waache waite. Watu wapole wamezika wengi hapa."

Tuda ana umri wa miaka hamsini na miwili. Kazi inayomlisha ni kufuma mazulia. Kazi inayomnyima usingizi ni hii nyingine, ya kuzunguka nyumba kwa nyumba katika vijiji vitatu vya mlima huu wa Atlasi akiwa na mashine ya kupimia presha, mizani ya watoto na vidonge vya kuongeza damu. Kwa kazi hiyo halipwi hata dirhamu moja. Viatu anajinunulia mwenyewe.

Waliomtuma ni wanawake wenzake. Chama chao kilianza kama cha wafumaji tu, watu wa kuuza mazulia pamoja ili walanguzi wasiwale. Lakini wanawake wakikaa pamoja kwenye vitanda vya kufumia huzungumza, na walichokuwa wakizungumza ni makaburi. Fulani alifia njiani. Fulani alifia mlangoni, nyumbu anatafutwa. Mwisho wakaamua kujenga nyumba bondeni, karibu na hospitali, ambako mjamzito atateremka mapema, atakaa, atapikiwa, na siku ya uchungu ikifika atakuwa hatua chache tu kutoka kwa daktari.

Mawe waliyabeba wenyewe mgongoni. Wanaume walikaa ukutani wakiwatania. "Mnajenga hoteli?" waliuliza.

Nyumba ilipokamilika, wakubwa wa wilaya walifika kukata utepe. Kukata utepe wanajua. Walikula, wakanywa, wakapiga picha na wanawake wenye mikono iliyochubuka, na wakaahidi kwamba zahanati ya Tizgi nayo ingepata mkunga wake. Leo zahanati ile ina mlango wa chuma na kufuli iliyoshika kutu. Mkunga hajaonekana. Anayeuliza huambiwa asubiri, kana kwamba mimba husubiri.

Hata hivyo, tangu nyumba ya bondeni ifunguliwe wanawake kumi na tisa wa Tizgi wameteremka, na kumi na tisa wamerudi na watoto wao. Wote wazima. Huko nyuma hakukupita msimu wa baridi bila kaburi la mzazi.

Kaburi jingine la namna hiyo ni la Rqiya, binti pekee wa Tuda. Aliolewa ng'ambo ya kilele. Mimba ya kwanza, miguu ikavimba, kichwa kikamuuma siku mbili, macho yakaingiwa na ukungu. Baba mkwe alisema mke wa mtu haondoki nyumbani mpaka mumewe aseme, na mume alikuwa mjini, simu yake haipatikani. Ilipopatikana, Rqiya alikuwa tayari amepigwa na kifafa cha mimba.

"Sikuitwa," anasema Tuda. "Mimi mama yake, sikuitwa. Waliniita nikamwoshe."

Ndiyo maana mwanzoni mwa baridi hii, alipomfunga Hadda kitambaa cha mashine mkononi na kuona namba zilivyopanda, hakuzungumza kwa upole.

Hadda ni mkaza mwana wa Mzee Moha, mkuu wa baraza la kijiji. Mumewe Sekku ni fundi wa ujenzi Marrakesh. Mimba ilikuwa ya miezi minane, nyayo zimejaa maji, na binti mwenyewe akasema kichwa kinamgonga tangu asubuhi. Nje mawingu yalikuwa yameshuka. Kila mtu Tizgi anajua mawingu yakikaa vile theluji haichelewi, na theluji ikishaanguka njia ya bondeni imefungwa.

"Anateremka leo," Tuda alisema.

Mama mkwe, bibi Yamna, alikuwa akichambua dengu. Hakuinua kichwa. "Nyumba hii haijazalia kwa watu. Mimi nimezaa tisa juu ya mkeka huu."

"Na umezika wangapi, shangazi?"

"Wanne. Mungu ndiye aliyetoa, na ndiye aliyetwaa."

"Mungu ametoa na bonde pia. Ametoa na hospitali."

"Mdomo wako, Tuda, siku moja utakuponza."

Mzee Moha naye alijibu kiutu uzima, kwa sauti ya chini, jambo ambalo lilimkera Tuda kuliko matusi. Alisema atampigia Sekku simu. Alisema jioni wataona. Alisema watu watamcheka mkuu wa baraza ambaye mkaza mwana wake amelazwa kwenye nyumba ya maskini, kama hana kuni za kupasha maji nyumbani kwake.

Hapo ndipo ukweli ulipotoka. Si mila, si dini, si mume. Ni mzee kuogopa kuchekwa. Mwanamke afe ili mzee asichekwe.

Tuda aliinuka. Alitoka, akaenda moja kwa moja kwenye zizi lake. Lahcen, mumewe, alikuwa akikoka moto wa chai. Ni mtu wa maneno machache. Tuda husema alikubali kuolewa naye kwa sababu hiyo.

"Chukua kisu," akamwambia.

"Cha nini?"

"Tunamchinja kondoo dume."

"Huyo ni wa sikukuu."

"Sikukuu itanikuta na hasira zangu. Chukua kisu, au nichinje mwenyewe kijiji kikucheke wewe."

Lahcen aliweka birika chini, akachukua kisu.

Kwa watu wa milima hii, mtu akichinja mnyama kizingitini kwako anakuwa amekutwika aari. Ombi lake hulikatai. Ukilikataa, laana ni yako, na hakuna atakayekupa binti wala kuamini ushahidi wako. Watu huitumia kuomba msamaha wa damu, au kuomba hifadhi. Hakuna aliyewahi kuitumia kuombea mwanamke nafasi ya kujifungua, na tena kwa mkuu wa baraza, mchana, majirani wakichungulia kutoka kila paa.

Walimfikisha kondoo kwa Mzee Moha, akaanguka kizingitini. Damu ikaingia chini ya mlango. Mzee Moha akatoka, akaiona, akabaki ameshika fremu.

"Umeniaibisha mlangoni kwangu," alisema.

"Aibu ilikuwemo ndani, mzee. Mimi nimeitoa nje tu."

"Kwa kondoo, Tuda? Ungekuja tukazungumza."

"Nimezungumza na wewe tangu asubuhi. Damu hii ni ombi langu kwako. Au unataka ningoje nyingine?"

Mzee akamwangalia Lahcen, mwanamume mwenzake, labda apate msaada. Lahcen alikuwa akifuta kisu kwenye nyasi, na alikifuta muda mrefu kuliko kilivyohitaji.

"Tandikeni nyumbu," Mzee Moha alisema hatimaye.

Yamna alilia kidogo, kisha yeye mwenyewe akaleta blanketi zito na kumfunika mkaza mwana wake miguu. Mzee akashika hatamu. Tuda akatembea ubavuni, mkono kwenye goti la Hadda, akimsemesha njia nzima asije akalala. Walifika barabarani, wakapata gari la soko, na magharibi Hadda alikuwa kitandani bondeni.

Asubuhi yake theluji ilianguka. Njia ikafungwa. Siku ya pili presha ya Hadda ikapanda tena, macho yakaingiwa na ukungu uleule ambao Tuda anaujua, na kutoka kitandani mpaka chumba cha upasuaji ilikuwa ni kuvuka uwanja tu. Mtoto ni msichana. Wamemwita Itto. Mama na mwana wamerudi nyumbani, na Tuda huwapitia kila wiki na mizani yake.

Mzee Moha siku hizi huwaambia wageni kwamba yeye ndiye aliyeamua Hadda ateremke.

"Nilimwambia, kama wazo ni lako, nirudishie kondoo wangu," anasema Tuda, na kwa mara ya kwanza asubuhi hii anacheka.

Kicheko hakidumu. Wajawazito wengine watatu wapo kijijini sasa hivi, na mmoja wao mama mkwe wake ameshaanza kuzungumzia mkeka.

"Watu wananipongeza. Wananipongeza kwa nini? Mwanamke mmoja, kondoo mmoja. Zizi langu sasa ni tupu. Huyu nitamchinjia nini, nimchinje Lahcen?"

Ana mpango mwingine. Majira ya kuchipua, baraza litakutana kupanga siku ya kufungua malisho ya juu, kama linavyofanya kila mwaka. Mtu akiingiza mifugo malishoni kabla ya siku hiyo, hutozwa faini, na hakuna anayebisha, awe tajiri au mkuu. Wanawake wa chama wameshapatana kuingia barazani siku hiyo, mahali ambapo hawajawahi kukaa, na kudai sheria nyingine isomwe pamoja na ile: atakayemzuia mjamzito aliyeambiwa ateremke, atozwe kama mwenye kuingiza mbuzi malishoni, mara mbili.

Wanaume wameshasikia. Wengine wanasema ni upuuzi. Mzee Moha bado hajasema kitu.

Tuda anasimama kupumua. Kutoka hapa anaona kilele ambacho nyuma yake Rqiya amelala.

"Mbuzi wa mtu akila nyasi kabla ya siku, kijiji kizima kinamsimamia mlangoni mpaka alipe," anasema. "Binti yangu alipokufa, yule baba mkwe aliyemzuia aliletewa sukari ya rambirambi. Watu walipanga foleni kumpa pole. Na mimi nilipeleka. Sasa nataka atakayefanya kama yeye alipe."